Kwa Nini Bolti Nzuri Huila Boti

Mwenye boti akiona bolti za mashine yake zimeoza, jambo la kwanza linalomjia ni kununua za chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi. Zinang'aa, bei yake imesimama, na fundi anaapa kwamba hizo hazitaoza tena. Na kweli haziozi. Baada ya misimu michache ya kusi na kaskazi bolti bado inang'aa, lakini alumini iliyoizunguka imetoa unga mweupe, rangi imevimba na kubanduka, na siku ya kuifungua kichwa kinakatika huku mwili wake ukibaki ndani. Hapo kazi ya nusu saa inageuka kuwa kazi ya keekee, ya kuchonga nyuzi upya, na pengine ya kumtafuta mtu anayejua kulehemu alumini, ambaye hapatikani kila bandari.

Kosa si la bolti wala la alumini. Kila moja ingeachwa peke yake baharini ingekaa miaka. Uharibifu umeletwa na kugusana kwao mahali penye maji ya chumvi. Tumezoea kuitazama metali moja moja na kuuliza kama ni imara au dhaifu, wakati swali lenye faida ni kwamba itafungwa na ipi, na ipi kati ya hizo mbili ni kubwa. Kinga yenyewe ni ya bei ndogo: pakiti ya lami maalumu ya kupaka kwenye nyuzi, washa ya nailoni, kipande cha zinki. Ila anayeitumia bila kujua inavyofanya kazi anaweza kuharakisha kile anachokikimbia.

Tuanzie ndani ya maji. Kila metali ikitumbukizwa baharini huwa na kiwango chake cha umeme, kinachopimwa kwa volti dhidi ya kipimo kimoja cha kulinganishia. Magnesiamu iko chini kabisa, takriban −1.6. Zinki ni kama −1.0. Alumini za boti zinacheza kati ya −0.75 na −1.0 kulingana na mchanganyiko wake, chuma cha kawaida ni karibu −0.6, shaba karibu −0.3, bronzi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, juu yake kidogo, na stenlesi aina ya 316, ikiwa katika hali yake nzuri, iko karibu na sifuri. Grafaiti na nyuzi za kaboni zimepanda hadi upande wa chanya.

Metali mbili za viwango tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile ya chini huanza kuipa ile ya juu elektroni kupitia pale zinapogusana. Atomi zilizoachwa bila elektroni zake hazina tena cha kuzishika, zinayeyukia majini. Upande wa pili, elektroni zile zinapokewa na oksijeni iliyomo kwenye maji, na metali ya juu inabaki salama, tena salama kuliko ingekuwa peke yake. Ndiyo maana bolti ya stenlesi hutoka inang'aa. Imelindwa na alumini inayoyeyuka kwa ajili yake. Kimsingi hiyo ni betri, iliyofungwa kwenye boti bila mtu kukusudia, na inafanya kazi usiku na mchana.

Betri hiyo inahitaji mambo manne tu: metali ya kutoa, metali ya kupokea, njia ya chuma kwa chuma ya kupitisha elektroni, na maji ya kukamilisha mzunguko. Ukikata moja, yote husimama. Kinga zote zinazouzwa madukani, za bei juu na za bei chini, zinakata moja kati ya hayo manne au zinaingiza metali ya tatu ili iliwe badala ya ile unayoipenda.

Karatasi iliyookoa misumari

Sharti ambalo watu hulisahau ni ukubwa, na mfano wake bora umetoka mbali na pwani yetu. Mwaka 1761 Jeshi la Majini la Uingereza liliifunika manowari yake ya mbao HMS Alarm kwa mabamba membamba ya shaba kuanzia mkukuni hadi usawa wa maji, ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao na viumbe wa magamba wanaogandama. Mabamba yalifungwa kwa misumari ya chuma. Meli ikapelekwa Karibi, na ilipokaguliwa mwaka 1763 sehemu kadhaa za shaba zilikuwa zimebanduka. Shaba yenyewe ilikuwa nzima. Misumari ndiyo iliyokuwa imeoza.

Lakini si yote. Misumari michache ilionekana mizima kabisa, na wakaguzi walipochunguza waligundua kwamba chini ya vichwa vyake kulikuwa na karatasi ya kahawia. Mabamba yalikuwa yamefika yamefungwa kwenye karatasi hiyo, na mahali pengine mafundi hawakuibandua yote. Karatasi tu! Ilitosha kuzuia chuma kisiguse shaba. Wakaguzi waliandika kwamba chuma na shaba visiachwe vigusane ndani ya maji ya bahari, ingawa wakati huo hakuna aliyeweza kueleza sababu. Mwitaliano Alessandro Volta alitengeneza betri yake ya kwanza karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1800. Jeshi lile lilihangaika na jambo hilo hadi miaka ya 1780, lilipohamia kwenye bolti zenye asili ya shaba kwa meli zilizovikwa shaba.

Tazama sasa ukubwa. Msumari ni mdogo, bamba ni kubwa mno. Eneo lote la shaba lilikuwa linapokea elektroni, na deni lote lililipwa na kichwa cha msumari. Ingekuwa kinyume, msumari wa shaba kwenye bamba kubwa la chuma, chuma kingeoza polepole na kwa kusambaa, na pengine mtu asingeona tofauti kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kanuni ya mafundi wa vyombo ni kwamba kifungio kiwe cha metali ya juu kuliko kile kinachofungwa, au angalau ya daraja moja. Bolti ya stenlesi kwenye ubao wa alumini inaruhusika kwa sababu hii. Bolti ya alumini au ya chuma kilichopakwa zinki kwenye bamba kubwa la stenlesi ni kujitafutia ajali.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza jambo la rangi ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Ukiwa na rangi ya kutosha metali moja tu kati ya mbili zinazogusana, ipake ile ya juu, ile isiyooza. Akili ya kawaida inatuma kuipaka inayoliwa. Lakini rangi haikosi mkwaruzo, na mkwaruzo mmoja kwenye alumini iliyopakwa ni kitundu kidogo kinachobeba deni la stenlesi yote iliyo wazi. Alumini itatoboka pale pale, haraka kuliko kama usingepaka kitu. Kupaka zote mbili ndiko bora zaidi. Kuipaka inayoliwa peke yake ndiko kubaya kuliko yote.

Na mtu asidhani mambo haya yaliisha na meli za mbao. Mwaka 2011, miaka 250 baada ya Alarm kuvikwa shaba, Jeshi la Majini la Marekani lilikiri kwamba meli yake mpya ya alumini, USS Independence, imekutwa na kutu kali kuzunguka mitambo yake ya kusukuma maji, pale vyuma vya mitambo vilipokutana na alumini ya meli. Haikuwa na mfumo kamili wa kuilinda dhidi ya jambo hilo. Ilibidi ipandishwe chelezoni.

Kuganda kwa bolti

Bolti hugandia kwa njia mbili, na dawa zake zinafanana ila sababu ni tofauti.

Ya kwanza ni ule unga mweupe. Alumini ikiliwa haipotei. Inageuka kuwa hidroksidi yenye ujazo mkubwa kuliko alumini iliyotoka. Ndani ya nyuzi za bolti hakuna nafasi ya kuvimba, kwa hiyo unga unajisokota na kuibana bolti pande zote. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mgumu. Ndiyo hali ya bolti za kifuniko cha thamostati, yaani kidhibiti joto, na za mguu wa mashine za nje, na ya skrubu za stenlesi kwenye milingoti ya alumini.

Ya pili hutokea stenlesi kwa stenlesi, hata kwenye nati mpya isiyowahi kuona bahari. Stenlesi inalindwa na ngozi nyembamba mno ya oksidi ya kromiamu. Ukikaza nati kwa kasi na kwa nguvu, ngozi inakwanguliwa, metali tupu inakutana na metali tupu, na zinashikana kana kwamba zimelehemiwa. Nati inasimama katikati ya bolti, haiendi mbele wala hairudi. Mashine ya kukazia inayozunguka kwa kasi ndiyo inayosababisha hili mara nyingi. Kaza kwa mkono, taratibu, na nyuzi ziwe na mafuta.

Kwa zote mbili, paka kitu kwenye nyuzi kabla ya kufunga. Kitu gani? Hapa ndipo fundi wa magari anapoweza kumpotosha mwenye boti kwa nia njema kabisa. Kwenye gereji kuna grisi ya kuzuia bolti zisigande yenye unga wa shaba, na nyingine yenye grafaiti. Kwenye bolti za breki za gari ni nzuri. Kwenye alumini inayoingia baharini ni sumu, maana umeichukua metali iliyo juu ya alumini na kuijaza ndani ya nyuzi zilezile ulizotaka kuziokoa. Kwa boti tafuta lami za baharini zisizo na shaba wala grafaiti: zile za kutenganisha metali zilizotengenezwa kwa alumini na stenlesi, au zenye lanolini, ambayo ni mafuta ya sufi ya kondoo na haitolewi na maji kirahisi. Baadhi ya lami za zamani zina kromati, ambazo ni hatari kwa ngozi na mapafu, vaa glavu.

Grisi ya kawaida ya baharini nayo si ya kudharau. Wajerumani walipolazimika kuizamisha meli ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mitambo ikaonekana bado inafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, na injini zilezile za mvuke zikaendelea kuisukuma kwa miongo kadhaa. Maji ya ziwa yasiyo na chumvi yalisaidia, lakini grisi iliyaweka maji hayo mbali na chuma, na hiyo ndiyo kazi nzima.

Baada ya lami, tenganisha. Washa ya nailoni chini ya kichwa cha bolti, na bomba jembamba la plastiki kuzunguka mwili wake pale inapopita kwenye tundu, hukata ile njia ya elektroni. Chini ya kidude kikubwa cha stenlesi kinachofungwa juu ya alumini, weka karatasi ya plastiki ngumu au lami ya kuziba, itokeze pembeni kidogo ili chumvi isijenge daraja. Washa peke yake bila bomba la mwilini haitoshi, kwa kuwa nyuzi bado zinagusa. Watu wengi huishia hapo na kushangaa.

Iliyokwisha kuganda haifunguliwi kwa hasira. Siki ya moto au maji yanayochemka huulainisha unga mweupe, mafuta ya kupenya yaachwe usiku mzima, na bolti igongwe kichwani kwa nyundo ndogo ili kuuvunja unga. Kisha moto. Alumini hutanuka takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii moja ya joto, stenlesi kama 16 tu, kwa hiyo ukiipasha moto alumini iliyoizunguka, tundu linapanuka kuliko bolti. Pasha, jaribu kukaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze, na urudie. Tangi la petroli na mipira yake viwe vimeondolewa mbali kabla ya kuwasha chochote.

Zinki

Vipo vitu visivyoweza kutenganishwa. Propela ya bronzi lazima ikae kwenye shafti ya stenlesi, na mguu wa mashine lazima uwe na bolti ndani ya maji. Hapo ndipo tunaingiza metali ya tatu, anodi, ambayo wavuvi wanaiita zinki tu hata ikiwa ya kitu kingine. Iko chini kuliko zote, kwa hiyo inaliwa yenyewe na kuziacha nyingine.

Itafanya hivyo kwa masharti. Iguse metali tupu: kwangua rangi na kutu mahali inapofungwa. Isipakwe rangi kamwe. Kila mwaka kuna boti zinazopakwa vizuri pamoja na zinki zake, na tangu siku hiyo hazina ulinzi wowote. Iwe ndani ya maji pamoja na kile inachokilinda. Mashine iliyoinuliwa nusu, zinki ikiwa juu na ncha ya mguu ikiwa chini, hailindwi. Ikifika nusu ya ukubwa wake ibadilishwe. Na zinki ambayo haijapungua hata kidogo baada ya mwaka si ya kujivunia: ama haigusi, ama si zinki safi. Viwango vya kijeshi vya Marekani vya anodi za zinki vinataka chuma kisizidi asilimia 0.005, kwa kuwa chuma kikizidi huifanya zinki ijivike ngozi na kulala. Ndiyo sababu siziamini zinki zinazoyeyushwa kienyeji kwenye sufuria za chuma. Zinki ya moto hula chuma cha sufuria na kukibeba ndani yake.

Ziwani mambo yanabadilika. Maji ya Ziwa Viktoria yanapitisha umeme mamia ya mara chini ya maji ya bahari, na zinki hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi. Huko anodi inayofaa ni ya magnesiamu. Lakini usiilete baharini: itaisha upesi sana, na nguvu yake iliyopitiliza inaweza kuibandua rangi na hata kuidhuru alumini unayoilinda. Anodi za alumini yenye indiamu ndizo zenye uhodari mpana zaidi, zinafaa baharini na kwenye maji ya midomo ya mito, ambako chumvi hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa.

Ulinzi una gharama yake. Mkemia Mwingereza Humphry Davy alilithibitisha hilo mwaka 1824 alipofunga vipande vya zinki na chuma kwenye meli za shaba za Uingereza. Shaba iliacha kuliwa kabisa, kama alivyokadiria. Lakini ilikuwa ni kule kuyeyuka kwa shaba kulikowaua viumbe wa magamba, na meli zilizolindwa zikarudi zimeota msitu. Kwa sababu hiyohiyo, rangi yenye shaba ya kuzuia magamba haifai kabisa kupakwa moja kwa moja kwenye boti ya alumini wala kwenye mguu wa mashine. Ziko zisizo na shaba, ulizia hizo.

Jahazi na mashua za mbao zina tatizo lao. Ubao uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, na upande wa metali inayolindwa hutengeneza alkali inayoilainisha mbao, hadi nyuzi zake zinachambuka kwa kucha. Mtu akijaza zinki nyingi kwenye jahazi na kuziunganisha kwa waya na kila kifungio cha bronzi, vifungio vitasalimika na mbao zilizovishika zitaoza. Kwa chombo cha mbao, zinki ziwe chache, karibu na shafti na propela. Misumari nayo isichanganywe. Ubao uliopigwa misumari ya chuma iliyopakwa zinki utengenezwe kwa misumari ya aina hiyohiyo, maana msumari mpya wa shaba ukiungana na wa zamani kupitia taruma la chuma au kitanda cha injini, wa zamani ndio utakaolipa. Stenlesi ndani ya mbao mbichi nayo ina hila yake: ngozi yake inahitaji oksijeni, na ikifungiwa kwenye maji yaliyotuama inaikosa, inashuka hadi karibu na −0.5, na kuanza kuliwa kwa vishimo visivyoonekana kutoka nje. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi na vigingi vya mti, haikuwahi kuugua ugonjwa huu.

Mwisho ni umeme wa betri yenyewe. Kila nilichoeleza kinakwenda kwa nguvu isiyofika hata volti mbili. Waya wa volti 12 uliochubuka ndani ya maji ya ngama unaweza kumaliza kwa siku chache kile ambacho metali mbili zingekimaliza kwa miaka. Swichi ya pampu na nyaya zake zikae juu ya maji, viungo vizibwe kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, na betri ikatwe boti ikilala. Ukiwa na mita ya umeme ya bei ya chini kabisa, iweke kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, mguso mmoja kwenye zinki na mwingine kwenye shafti. Isome chini ya omu moja. Ikisoma zaidi, zinki hiyo imefungwa tu, hailindi: ifungue, ikwangue, uikaze upya kabla chombo hakijarudi majini.